Sijisikii

"Mwanangu, sijisikii."

Bi Mkubwa alisema hivyo akivua hedifoni, nami nikaruka kutoka kwenye kiti kwenda kumtafutia maji. Amepita miaka 70, chumba changu hakina hewa ya kutosha, na feni huwa naizima tukirekodi ili mvumo wake usiingie kwenye maiki. Nikajua joto limemzidi. Akapokea bilauri, akanywa funda moja, akanitazama kwa upole.

"Siumwi mimi. Nasema humu ndani sijisikii." Akainyanyua hedifoni mbele yangu. "Fidla naisikia. Udi nausikia. Na kuna mtu anaimba kwa mbali kama yuko kisimani, huyo nadhani ndiye mimi. Lakini mimi mwenyewe, nikifungua kinywa, simo."

Ilinichukua usiku mzima na asubuhi yake kuelewa alichoniambia, na hali alikuwa ameniambia kila kitu. Ugonjwa wote ulikuwa ndani ya maneno yale machache: fidla ipo, udi upo, mwangwi upo, yeye hayupo. Fundi mwenye sikio la kusikiliza watu angeukamata pale pale. Mimi nilikuwa natazama skrini.

Studio yangu ni chumba cha nyuma, Ngamiani, Tanga. Ukutani kuna mablanketi mazito, sakafuni godoro moja limesimamishwa nyuma ya maiki, na kwenye meza kuna laptopu, kadi ya sauti ya USB, kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, yenye tundu moja la hedifoni, na hedifoni moja nzuri ya kufunika masikio. Spika zangu mbili zilikuwa kwa fundi tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo kila kazi nilikuwa naifanya kwa hedifoni hiyo hiyo: mwimbaji akiimba anavaa yeye, mimi natazama taa za kiwango cha sauti, akimaliza, navaa mimi tunasikiliza alichoimba.

Bi Mkubwa alikuja na bajaji kutoka Makorora baada ya magharibi. Mjukuu wake ndiye aliyelipia. Tanga ni mji wa taarabu ya magitaa. Bendi za Black Star na Lucky Star zilizaliwa hapa hapa, na Bi Mkubwa ni wa kizazi kilichokua kikizisikia. Ana mashairi yake mwenyewe, manne, aliyaweka miaka mingi, na alitaka yarekodiwe kabla koo halijachoka. Alikuja na mzee wa udi na kijana wa fidla. Vyombo tulivirekodi siku ya kwanza bila tatizo. Ya pili ilikuwa zamu yake.

Mtu asiyewahi kuimba mbele ya maiki anaweza kudhani hedifoni ni anasa. Mwimbaji anapima sauti yake kwa sikio kama mpishi anavyopima chumvi kwa ulimi. Akijisikia kidogo, anapaza, anakamua koo, anatoka nje ya ufunguo bila kujua. Akijisikia kupita kiasi, anajibana, maneno yanamfia mdomoni. Na koo la mtu wa miaka 70 halina akiba ya kupoteza. Lina mikupuo mitatu au minne mizuri kwa jioni moja, halafu basi. Nilijua kila dakika ninayohangaika na vifungo namla mtu sauti yake.

Siku mbili kabla nilikuwa nimesasisha programu ya kurekodia. Kwa hiyo mshukiwa nilikuwa naye tayari, na nikaenda kwake moja kwa moja.

Kwanza nikaangalia bafa. Hii ni ile akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata. Ikiwa kubwa, kompyuta inapumua vizuri lakini mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa. Ikiwa ndogo, anajisikia papo hapo lakini kompyuta ikizidiwa inatoa mikwaruzo. Inapimwa kwa sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti. Sampuli 1024 kwa kiwango cha 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 23, na hiyo ni njia ya kuingia tu, bado ya kutoka. Sampuli 128 ni chini ya milisekunde 3. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu mbali na anayeimba. Mpiga gitaa aliyezoea jukwaa anavumilia hapo. Mwimbaji havumilii, kwa sababu sauti yake inamfikia kwanza kupitia mifupa ya kichwa chake, halafu inakuja tena kwenye hedifoni kama mtu anayemuigiza. Bafa yangu ilikuwa 128. Haikuwa na kosa.

Nikaenda kwenye la pili, na hapa nikakuta kosa la kweli, ndilo lililonipoteza zaidi. Kadi ya sauti ina swichi ya kusikiliza moja kwa moja: sauti inatoka kwenye maiki, inaingia kwenye kadi, inarudi hedifoni bila kupita kwenye kompyuta kabisa. Swichi hiyo ilikuwa imewashwa. Na ndani ya programu, traki ya Bi Mkubwa, yaani mstari wa sauti yake, nayo ilikuwa imefunguliwa ili ajisikie kupitia kompyuta pamoja na mwangwi kidogo. Yaani alikuwa anajipata mara mbili, moja papo hapo, ya pili imechelewa kidogo.

Sauti mbili zinazofanana zikipishana hivyo hulana. Chukulia zimepishana milisekunde 5: hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, inafutika, 300 inafutika, 500 inafutika, na kuendelea hivyo hivyo hadi juu, huku 200, 400 na 600 zikipanda. Ukichora unapata kitu chenye meno kama chanuo. Masikioni inakuwa sauti ya ndani ya bomba, haina kifua. Nikajisemea nimeshapata. Nikazima njia ya kompyuta, nikaacha ile ya moja kwa moja peke yake, nikamwomba Bi Mkubwa avae tena.

Akaimba nusu mstari, akanyamaza. "Sasa hata yule wa kisimani kaondoka."

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu jibu lilikuwa limenisimamia mlangoni. Mwangwi ulikuwa unatoka kwenye programu, kwa hiyo nilipoizima njia hiyo mwangwi ukaondoka, sawa. Lakini njia iliyobaki haigusi programu. Inatoka kwenye maiki, inapita kwenye kadi, inafika sikioni. Kama Bi Mkubwa hayumo hata humo, basi programu haina hatia, sasisho halina hatia, bafa haina hatia. Kilichobaki ni kadi, jeki (ile plagi ya hedifoni), waya na hedifoni. Vitu vinne vya kushikika kwa mkono. Mtu aliyetulia angeyaona hayo kwa sekunde moja. Mimi nilikuwa na mzee wa watu amekaa kwenye joto, jasho linanitoka, na mshukiwa wangu sikutaka kumwachia.

Nilivaa hedifoni mwenyewe, nikaongea kwenye maiki. Nikasikia hafifu, kisha nikasogea, ikawa afadhali, kisha ikazama tena. Nikafuta programu, nikaisimika upya, pamoja na draiva ya kadi, ile programu ndogo inayoiendesha. Saa tatu na nusu usiku Bi Mkubwa akasimama, akajifunga mtandio. "Tutakuja kesho kutwa, mwanangu. Vyombo navyo huchoka." Hakulalamika hata kidogo, na ndiyo maana iliniuma.

Walipoondoka nikapigiwa simu na kijana mmoja wa Usagara ambaye nilimmiksia wimbo wake Jumanne. Ni kijana mpole, alianza kwa salamu ndefu. Mwishowe akasema, "Kaka, samahani. Nimeusikiliza kwenye bajaji, nimeusikiliza kwenye redio ya mama. Ni sauti yangu na besi tu. Gitaa liko wapi? Na zile sauti za kuitikia?"

Nikamwambia nitaangalia. Nikaufungua wimbo wake, nikavaa hedifoni, nikasikia gitaa vizuri kabisa. Waitikiaji nikawasikia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, si kubwa. Lakini nilipotazama mita za programu, traki yake ilikuwa juu kuliko zote kwa zaidi ya desibeli 6, besi na ngoma kubwa zikiifuata. Mimi mwenyewe ndiye niliyezipandisha Jumanne, kidogo kidogo, kwa sababu nilikuwa sizisikii.

Hapo nikaweka kalamu chini. Kwa Bi Mkubwa kilichopotea ni sauti yake. Kwa kijana, kwenye hedifoni hiyo hiyo, vilivyopungua ni sauti yake, besi na ngoma kubwa. Vilivyosalimika ni fidla, udi, gitaa, waitikiaji, mwangwi. Kuna nini kati ya vilivyopotea? Vyote hukaa katikati. Kwa kawaida prodyuza huweka mwimbaji mkuu katikati, besi katikati, ngoma kubwa katikati, halafu vingine anavitawanya pembeni. Fidla nilikuwa nimeipeleka kushoto, udi kulia, mwangwi umetanda pande zote.

Nikafungua mradi mtupu. Nikaweka mlio mmoja wa hezi 1000, mdogo, nikaupeleka kushoto kabisa. Ukalia masikio yote mawili. Nikaupeleka kulia kabisa. Ukalia masikio yote mawili. Nikaurudisha katikati, ambako ulitakiwa kulia sawasawa masikio yote mawili.

Kimya.

Nilikaa na kimya kile muda mrefu. Kwenye skrini mita za kushoto na kulia zilikuwa zimesimama sawasawa, za kijani, nzuri. Programu ilikuwa inatuma mlio. Ulikuwa haufiki.

Jeki ya hedifoni ina sehemu tatu, zimetenganishwa na pete mbili nyembamba nyeusi. Ncha inabeba upande wa kushoto. Pete ya kati inabeba kulia. Shina, ile sehemu ndefu ya chini, ni njia ya kurudia kwa pande zote mbili. Umeme unakwenda kwa njia mbili na kurudi kwa njia moja ya pamoja. Umbo hili ni la zamani sana. Jeki ya milimita 6.35 ilianzia kwenye mitambo ya kuunganishia simu katika karne ya 19, ikaja kuongezwa pete kwa ajili ya pande mbili.

Sasa shina likikatika, umeme wa kushoto unakosa pa kurudia. Unachofanya ni kupita kwenye spika ya kushoto, ukavuka, ukapita kwenye ya kulia kinyumenyume na kurudi kwa mlango wa mwenzake. Ndiyo maana mlio wa kushoto ukasikika pande zote. Na kitu kilicho sawasawa kushoto na kulia kinasukuma kutoka ncha zote mbili kwa nguvu ile ile, kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani na huyu nje. Mlango hauendi popote. Sauti ya katikati inafutika, kinabaki kile tu kinachotofautiana. Na shina likiwa halijakatika kabisa, limebaki na uzi mmoja au miwili, sauti ya katikati haifi, inadhoofika tu. Hiyo ndiyo iliyonila Jumanne: sauti ya kijana ilikuwa inadhoofika kidogo kidogo, nami nikawa naipandisha.

Bi Mkubwa aliniambia hivyo hivyo, bila kuwa na haja ya kujua jeki ina sehemu ngapi.

Nikazima kila kitu nikabaki na mlio katikati, sauti ndogo. Nikaanza kutafuta kwa vidole. Kwanza adapta, ile ya kugeuza jeki ndogo ya milimita 3.5 iingie kwenye tundu kubwa. Hizi husumbua mara nyingi. Zile za kuzungusha zikilegea nusu mzunguko tu, shina linaacha kugusa. Nikaikaza, kimya. Nikaweka nyingine, kimya. Nikachomoa, nikaingiza kwenye simu yangu bila adapta, nikacheza mlio ule ule: kimya. Basi kadi nayo ikatoka kwenye orodha. Nikashika waya pale unapoingia kwenye jeki, nikaupinda taratibu kuelekea kwangu.

Mlio ukanijaa kichwani, katikati kabisa ya paji la uso. Nikaachia, ukafa. Nikapinda, ukarudi. Saa sita na robo usiku, nimekaa sakafuni na waya mkononi, nikiuwasha na kuuzima kwa kidole gumba.

Kabla sijafika kwa fundi, kuna jambo la programu za kusikilizia ambalo lazima niliseme, kwa sababu wengi wetu tunaofanya kazi vyumbani bila spika za maana tunazitumia. Ni programu za kunyoosha hedifoni. Kila hedifoni ina tabia yake: hii ina besi nyingi, ile inachoma kwenye herufi za "s". Watengenezaji wa programu hizi wamepima aina nyingi kwenye maabara yao, wewe unachagua jina la yako, nayo inapunguza palipozidi na kuongeza palipopungua. Naipenda na ninaendelea kuitumia. Lakini kwa wiki nzima ile nilikuwa naitazama kwenye skrini, mstari wake umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, na mstari ule ukanipa imani kwamba ninachosikia ni cha kweli. Mstari ule ni hesabu. Unaonyesha sauti ingekuwaje kwenye hedifoni nzima, ya aina yangu, iliyopimwa siku moja mahali pengine. Hauna njia ya kujua kwamba waya wangu umekatika, au kwamba mito ya masikio imechakaa na kubonyea, besi inavujia pembeni. Skrini huchora kilichotumwa. Kilichofika anakijua mwenye sikio.

Na kosa lake la pili, ambalo nimelikuta kwenye kazi za watu zaidi ya mara tatu: programu hii ikiwekwa kwenye chaneli ya masta, pale sauti zote zinapokutana kabla ya kutoka, ukasahau kuizima wakati wa kutoa faili, marekebisho ya hedifoni yako yanaingia ndani ya wimbo. Kama hedifoni yako ilikuwa kali juu, wimbo unatoka umepunguzwa juu, na kila mtu duniani anausikia umefifia kwa ajili ya ugonjwa wa hedifoni ambayo hajawahi kuivaa. Iweke mahali ambapo sauti inapita ikija kwako tu. Katika programu za kurekodia, Cubase Pro ina Control Room kwa kazi hiyo, REAPER ina Monitoring FX. Kinachowekwa humo unakisikia wewe lakini hakiingii kwenye faili. Kama programu yako haina sehemu kama hiyo, andika kwenye karatasi, ibandike juu ya skrini: ZIMA KABLA YA KUTOA. Yangu imebandikwa.

Asubuhi nikaenda kwa mzee fundi redio, mwenye kibanda chake karibu na soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete nione."

Nikaanza kumweleza habari za katikati na pembeni, akaniinulia kiganja ninyamaze. Akachukua mita ya kupimia umeme. Mguu wake mmoja akauweka kwenye ncha ya jeki, wa pili kwenye pete: mita ikasoma karibu omu 160, omu ikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Hedifoni yangu ni ya omu 80 kila upande, kwa hiyo mbili zikipangwa mfululizo ni hiyo. Spika zote mbili nzima. Akahamisha mguu kwenye shina: hakuna kitu. Akapinda waya, 80 ikaruka ikaonekana, ikapotea. Hakusema neno. Akachukua koleo, akakata waya sentimita nne juu ya jeki, na mimi nikafumba macho, maana kile kilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote chumbani kwangu.

Alinionyesha ncha iliyokatwa. Shaba ya njia ya kurudia ilikuwa imegeuka nyeusi yenye ukijani, imebaki nyuzi mbili tatu. Nimekuwa nikiuzungusha waya ule kwenye kiganja kila usiku na kuusokomeza kwenye droo jeki ikiwa imepindwa, mwaka wa tatu huu, na hewa ya chumvi ya pwani ikafanya iliyobaki.

Alichofanya baada ya hapo nakieleza pole pole, kwa sababu nimeona vijana wengi wakishindwa hapa. Akavika kifuniko cha jeki mpya kwenye waya kwanza, kabla ya kuunganisha chochote. Ukisahau hicho utakuja kuung'oa upya. Akachuna ganda. Ndani zikatoka nyuzi za rangi: nyekundu, kijani, na mbili za rangi ya shaba. Kila rangi ni kifungu cha nyuzi nyembamba kuliko nywele, zimesokotwa pamoja na uzi laini wa nguo ili zisikatike upesi. Na rangi yenyewe ni vanishi, haipitishi umeme. Ukiunganisha juu yake, risasi ya kulehemu inashika kwa macho tu, kwa umeme hakuna kitu. Mzee akapasha pasi ya kulehemu, akaweka tone la risasi kwenye ncha yake, akalizamisha lile tone juu ya nyuzi nyekundu na kulishikilia. Kwa sekunde tatu hakikutokea kitu. Halafu moshi mdogo, harufu ya vanishi, na risasi ghafla ikapanda yenyewe juu ya shaba, iking'aa. Kijani hivyo hivyo. Zile mbili za shaba akazisokota pamoja, moja inarudi kutoka kushoto, moja kutoka kulia, akazilehemu kwenye shina.

Nilikuwa nimebeba kwenye simu faili nililotengeneza usiku ule: sauti yangu mwenyewe ikisema "kushoto" kushoto, "kulia" kulia, na "katikati" katikati. Nikaijaribu pale pale. "Katikati" ikaja imejaa, paji la uso. Lakini "kushoto" ikaja kulia.

"Mzee, zimepishana."

Akachukua hedifoni, akasikiliza mwenyewe, akatikisa kichwa, akazibadilisha nyekundu na kijani. Akanitoza shilingi 6,000 pamoja na jeki. Faili lile ninalo bado, na nakushauri utengeneze lako leo. Ni sekunde 10 tu, na limeshaniokoa mara nyingine mbili.

Si kila sauti mbovu ni waya, na sitaki mtu akate jeki yake kwa sababu yangu. Ukifungua wimbo ukakuta umekimbia na sauti zimepanda kama watoto wanaimba, waya hauhusiki kabisa: faili ni la 44,100 na kadi inalicheza kwa 48,000, karibu asilimia 9 haraka zaidi. Linganisha namba mbili hizo, moja kwenye programu, nyingine kwenye mipangilio ya kadi. Ukitumia Windows, tafuta vile viboreshaji vya sauti vinavyojiwasha vyenyewe uvizime. Hedifoni za Bluetooth usirekodie. Mara nyingi zinachelewa zaidi ya milisekunde 100, na ukifungua maiki yake ubora unashuka hadi wa simu. Na ukinunua hedifoni, tazama omu. DT 770 Pro ya beyerdynamic, kwa mfano, imekuwa ikiuzwa kwa omu 32, 80 na 250, na kwa macho zinakaribia kufanana. Ya 250 ukiichomeka kwenye simu au kadi dhaifu itanong'ona tu, wewe ukidhani imeharibika kumbe ina kiu ya umeme.

Kijana wa Usagara nilimmiksia upya usiku uliofuata, bure, na nikamweleza kilichotokea tangu mwanzo. Gitaa lilirudi.

Bi Mkubwa akaja Jumamosi, mapema zaidi, jua likiwa bado halijazama. Mzee wa udi naye alikuja ingawa kazi yake ilikuwa imekwisha. Akakaa kwenye kigoda mlangoni. Nikazima feni. Nikamvisha Bi Mkubwa hedifoni, nikamwomba aseme chochote.

"Bismillahi," akasema, na nikamwona anashtuka, anageuza macho kidogo kama mtu aliyeguswa bega. Akagusa kombe la hedifoni kwa vidole. "Ah. Kumbe niko hapa."

Nikampa udi zaidi kidogo, fidla nikaipunguza alivyotaka. Mwangwi akaukataa kabisa. Anataka kusikia pumzi zake. Akaimba beti la kwanza bila kupaza hata mara moja, sauti imekaa chini, ina mikwaruzo ya umri, inapanda pale tu shairi linapopanda. Mzee wa udi akawa anapiga kidole gotini. Beti la pili likaanza, likafika mstari wa tatu, na Bi Mkubwa akanyanyua mkono nisimamishe. Moyo ukanipasuka. Nikatazama jeki.

"Hapo nimevuta pumzi katikati ya neno," akasema. "Nimejisikia. Rudisha nyuma, mwanangu, tuanze beti la pili."